Mahali pa Amani kwa Mtoto Mkimbizi

Watu wanaokuja kwetu kuichunguza dini huuliza mara nyingi juu ya maisha baada ya kufa, juu ya Nabii Isa a.s., juu ya sala tano na funga ya Ramadhani. Maswali hayo ni mema, nayo yanastahili majibu. Lakini ndugu mmoja, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaamua njia yake, aliniuliza swali ambalo sikulizoea. Yeye alikuwa seremala, naye alikuwa amepata kazi ya kujenga mabanda ya watoto katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Akasema: "Sheikh, mimi nimepigilia misumari katika mabanda mengi. Yako ambayo watoto walijaa ndani tangu asubuhi, na yako ambayo waliyakimbia, yakabaki kuwa kivuli cha mbuzi. Mbao zilikuwa zile zile na bati lile lile. Je, dini yenu inaijua sababu?"

Nilimjibu upesi kwamba dini hutazama moyo wala haitazami mbao. Yule ndugu alinyamaza kwa adabu, akaaga akaenda zake. Leo naona kuwa jibu lile lilikuwa jibu la mtu mvivu, kwani dini iliyotufundisha namna ya kunawa mikono na namna ya kumchinja kuku haiwezi kukosa la kusema juu ya banda la mtoto. Hivyo nataka kumjibu upya katika kurasa hizi, yeye na wengine wenye swali kama lake.

Yapasa tuanzie mbali kidogo. Mwaka 615, Waislamu wa kwanza walipoteswa mno huko Makka, Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaruhusu baadhi yao kuvuka bahari kwenda Uhabeshi, katika nchi ya Najashi, mfalme Mkristo aliyesifika kwa uadilifu. Watu hao walikuwa wakimbizi kwa kila maana ya neno hilo. Waliacha nyumba, mali na jamaa. Makureshi waliwafuata kwa wajumbe na zawadi ili warudishwe. Na mfalme yule alikataa kuwatoa. Baadhi yao walirejea mapema, lakini wengine walikaa huko hata mwaka 628, yaani miaka kumi na mitatu. Na katika muda huo walizaa watoto. Abdullah mwana wa Ja'far bin Abi Talib r.a. alizaliwa huko. Binti mmoja aliyeitwa Ama, na kwa jina la heshima Umm Khalid, binti wa Khalid bin Said r.a., naye alizaliwa huko. Watoto hao hawakuijua Makka. Waliijua nchi ya ugeni, na maneno ya ugenini yalikuwa masikioni mwao.

Katika Sahihi Bukhari imesimuliwa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa nguo, na miongoni mwake mlikuwa na nguo ndogo nyeusi yenye mapambo. Akawauliza masahaba wamdhanie nani wa kuvikwa nguo ile. Wote wakanyamaza. Ndipo akaagiza aletwe Umm Khalid. Mtoto akaletwa amebebwa, na Mtume s.a.w. akamvika kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea aivae mpaka ichakae. Kisha akayaonyesha yale mapambo na kumwambia neno moja la Kihabeshi, *sanah*, maana yake "nzuri". Na katika mapokezi mengine ya mtoto huyo huyo, yeye alianza kuichezea alama iliyokuwa kati ya mabega ya Mtume s.a.w., ile ambayo Waislamu waliiheshimu kuwa muhuri wa utume. Baba yake akamkemea. Mtume s.a.w. akamwambia baba amwache mtoto.

Ewe ndugu seremala, hapa ndipo penye jibu lako, nami nalisoma hivi. Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa wakati ule mtawala wa Madina, amezungukwa na wajumbe, vita na mashauri ya watu wazima. Mtoto aliyetoka ukimbizini alipoingia mbele yake, aliitwa kwa jina lake. Alipewa kitu kilichochaguliwa kwa ajili yake. Alisemeshwa kwa neno la nchi aliyokulia, ingawa Kiarabu ndicho kilichokuwa lugha ya wote waliokuwapo. Tena aliachwa acheze, hata pale ambapo mtu mzima aliona kuwa mchezo huo ni utovu wa adabu. Hapakuwa na banda wala bembea, na mahali pale palikuwa pa amani kwa mtoto yule. Banda ulilolijenga wewe likiwa na mtu wa namna hiyo ndani yake, watoto watajaa. Likikosa mtu huyo, mbuzi watalirithi.

Lakini nisije nikaurudia uvivu wangu kwa kusema kwamba mtu mwema akiwapo, mbao hazina kazi. Zina kazi kubwa, nami nitafika huko. Kwanza tulitazame jina.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa saa ishirini na nne tu. Miezi miwili na nusu baadaye, katika mwezi wa Julai, umati mkubwa zaidi uliingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Katika misafara hiyo, zaidi ya watoto laki moja walitengana na wazazi wao. Wako waliokuwa wadogo mno hata hawakuweza kutaja jina la baba wala la kijiji. Basi watu wa mashirika waliwapiga picha, wakazibandika picha hizo kwenye mbao kambini, na wazazi wakapita mbele ya nyuso hizo siku baada ya siku wakimtafuta wa kwao.

Huko Goma lilitokea jambo ambalo kila mwenye moyo wa sadaka anapaswa kulizingatia. Wahisani walifungua vituo vya mayatima, nao walikuwa na nia njema. Vituo vilikuwa na chakula, maziwa na dawa, hali nje ya vituo hapakuwa na kitu. Matokeo yake ni kwamba wazazi wengine waliokuwa hai waliwaacha watoto wao mlangoni mwa vituo hivyo, ili wapate kula. Hivyo huruma isiyo na busara iliwafanya mayatima watoto ambao hawakuwa mayatima. Tangu wakati ule, wenye ujuzi wa kazi hii hushikilia kanuni kwamba mtoto aliyepotelewa na wazazi akae kwanza na jamaa zake, na wakikosekana, akae na familia ya watu wa kwao inayojulikana na kusimamiwa, huku jina lake na la wazazi wake likiandikwa na kutafutwa. Na chakula kiifuate familia huko ilipo.

Ndugu zangu, kanuni hii ni ngeni katika vitabu vya mashirika, lakini si ngeni kwetu. Kurani Tukufu katika Sura Al-Ahzab (33:6) imeamuru kwamba watoto wanaolelewa na wengine waitwe kwa majina ya baba zao, na kama baba zao hawajulikani, basi wawe ndugu katika dini na marafiki. Mlezi hana ruhusa ya kulifuta jina la mtoto na kumbandika la kwake. Na katika Abu Daudi imepokewa habari ya masahaba waliokuwa safarini, wakayachukua makinda mawili ya ndege. Mama wa makinda akaja akipigapiga mabawa juu ya ardhi. Mtume Mtukufu s.a.w. alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishiwe mama yao. Wale masahaba hawakuwa wakatili. Labda waliyapenda makinda yale. Lakini upendo unaomtenga mtoto na mama yake haukukubaliwa hata kwa ndege.

Basi shughuli ya kwanza katika mahali pa watoto ni meza, daftari, na mtu anayejua kuuliza kwa upole: Unaitwa nani? Ulikuja na nani? Nani anakupikia? Haya yakifanyika vizuri, banda limekwisha kuwa na faida kabla halijapauliwa.

Sasa tuje kwenye mbao. Desturi ya kutenga mahali maalumu pa watoto kambini, ambapo wanacheza, kujifunza na kutazamwa, ilianza kupata sura yake ya leo mwaka 1999, wakati wakimbizi wa Kosovo walipoingia Albania. Leo huitwa maeneo rafiki kwa watoto, na yamejengwa katika nchi nyingi. Mwezi wa Mei 2015, Warundi wengi mno walipokimbilia Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakashikwa na kipindupindu, wakachukuliwa na meli ya Liemba mpaka Kigoma mjini, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa Nyarugusu wilayani Kasulu, watoto walikuwa wengi sana kati yao. Nyarugusu yenyewe ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa humo mwaka uliofuata ni mtu mzima sasa. Tusidhani kwamba kambi ni safari ya usiku mmoja; kwa wengi ni utoto mzima, kama Uhabeshi ulivyokuwa kwa Umm Khalid.

Mahali hapo pachaguliwe wapi? Pasiwe kando ya barabara ya malori, wala karibu na soko la pombe, wala mahali penye askari wenye bunduki. Pasiwe bondeni, kwani mvua za masika mkoani Kigoma si za kuchezea. Pawe karibu na makazi, ili mama akiwa jikoni aweze kuzisikia sauti. Uzio uwe mfupi au wenye nafasi, ili wapitao waone ndani, kwa sababu anayetaka kumdhuru mtoto hutafuta ukuta. Milango iwe miwili, na walezi wasipungue wawili wakati wote, asiachwe mtu mzima peke yake na mtoto mahali pa faragha. Wengine huudhika wakiambiwa hivi, wakidhani wanashukiwa. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe, alipoonekana usiku na mkewe Safiyya r.a., aliwaita wapitaji wawili na kuwajulisha kuwa huyo ni mke wake, ili shetani asiwatie dhana mbaya. Ikiwa yeye hakuona ni fedheha kujieleza, sisi tunaudhika kwa nini?

Choo kina habari ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Vipimo vinavyofuatwa na mashirika ya misaada husema choo kimoja kisizidi watu ishirini, na kisiwe mbali zaidi ya mita hamsini kutoka makazini. Cha wanawake kitengwe, tena kifungwe kwa ndani. Maana ya komeo hilo aijua binti wa miaka kumi na miwili. Kama choo kiko mbali, gizani, hakina komeo, binti huyo hatakunywa maji mchana kutwa ili asiende, au ataacha kabisa kufika. Mhandisi atahesabu mabanda aliyoyajenga na kuandika kwamba kazi imekamilika, wala hataliona pengo la binti asiyekuja. Hali kadhalika kwenye mlango pawe na mteremko mahali pa ngazi, ili mtoto mwenye kilema asibaki nje akitazama wenzake.

Kuna na watoto wengine wasiokuja, nao ni vigumu zaidi kuwaona. Msichana aliyefungwa mdogo wake mgongoni, mwenye ndoo ya maji ya kuchota na kuni za kuokota nje ya kambi, ambako wanawake na wasichana wameshambuliwa mara nyingi, huyo hana saa ya kucheza. Wenye busara humwekea saa yake ya alasiri, wakamruhusu kuja na mdogo wake, tena wakamwekea mtoto yule mkeka pembeni. Jambo dogo, lakini bila mkeka ule banda zima ni la wavulana.

Juu ya mchezo sina haja ya kusema mengi, ingawa baadhi ya wazee wetu wanauona kuwa upotevu wa wakati, wakitaka mtoto akae akariri. Kaka mdogo wa Anas r.a., aitwaye Abu Umair, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, naye ndege akafa. Mtume Mtukufu s.a.w. alipomkuta na huzuni alimwuliza habari za ndege wake kwa maneno ya kumbembeleza. Hakusema kwamba ndege ni kitu kidogo. Mtoto aliyeona mtumbwi ukizama hatakuhadithia kwa maneno. Atachora mtumbwi, atauchora tena kesho na keshokutwa, na siku moja atachora mtumbwi umefika pwani. Anayemnyang'anya karatasi ili amfundishe jambo la maana zaidi hakujua kuwa mtoto alikuwa akisema.

Na ni nani wa kukaa naye? Hapa ndipo fedha hukosekana, kwani wafadhili hupenda kupigwa picha mbele ya jengo, si mbele ya mshahara wa mlezi. Watafiti walipima vituo vya namna hii kwa watoto wa Kikongo walioko Rwamwanja, nchini Uganda. Waliona kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi pale vituo vilipoendeshwa vizuri. Na walipoyarudia maisha ya watoto hao muda mrefu baadaye, faida ile ilikuwa imefifia. Hilo linaweza kumvunja moyo mtu, lakini mimi naliona ni onyo la haki. Mtoto hapaliliwi mara moja kama shamba la msimu. Mlezi anayekuja miezi mitatu akaondoka amemfundisha mtoto jambo moja zaidi juu ya watu wanaoondoka. Kwa hiyo walezi bora ni wakimbizi wenyewe, akina mama na vijana wa kambi ile ile, wafundishwe na walipwe stahili yao. Wao ndio wanaoijua lugha. Mtoto wa Kirundi anayesalimiwa *amahoro* na mlezi wake ameambiwa "amani" katika lugha ya mama yake, nasi tunaosalimiana kwa amani mara tano msikitini tungepaswa kuwa wa kwanza kuitambua salamu hiyo.

Sasa sina budi kusimulia kosa langu, kwa maana hiyo ndiyo sababu ya kuandika kwangu.

Mwaka 2016 mimi na wenzangu wawili tulipata nafasi ya kuwatembelea watoto kambini. Tulichukua biskuti katoni kadhaa na vitabu vidogo. Watoto walipokusanyika, mimi niliona vema wajifunze Kalima kwanza, kisha kila atakayeitamka vizuri apewe biskuti. Hapana aliyenituma kufanya hivyo. Lilikuwa wazo langu, nami nililifurahia. Mvulana mmoja wa kama miaka minane aliitamka vizuri kuliko wote. Nikampa paketi tano. Siku ya pili alinikimbilia, akasimama wima mikono ubavuni, akauliza: "Sheikh, leo niseme ipi?"

Sikumwelewa. Mama mmoja Mkongo, mlezi wa banda lile, alinivuta kando. Akasema: "Baba Sheikh, usinikasirikie. Mtoto huyu ni wa Wakristo, na nyanya yake yupo, anamlea. Juzi walikuja watu wengine na masweta, akawasomea sala yao. Jana amekusomea wewe. Hajui hata moja maana yake. Anachojua ni kwamba mtu mzima hatoi kitu bure."

Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimekwenda pale kumfundisha mtoto Umoja wa Mwenyezi Mungu, na nilichomfundisha ni kwamba imani ina bei ya biskuti tano. Tena nilikuwa nimepita juu ya kichwa cha nyanya yake, kama vile hakuwapo.

Kurani Tukufu ilikuwa imeniambia yote haya kabla sijapanda basi. Katika Sura Al-Baqara (2:257) imekataza kushurutisha watu katika dini. Mtu atasema biskuti si shuruti. Kwa mtu mzima aliyeshiba, labda. Kwa mtoto mwenye njaa, njaa yenyewe ndiyo shuruti, na mwenye biskuti ndiye mshika fimbo. Na katika Sura Ad-Dahr (76:9-10) wamesifiwa watu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya mapenzi ya Mungu, nao hawataki kwao malipo wala shukrani. Kama hata shukrani haitakiwi, je, kutamkiwa Kalima? Mashirika makubwa ya misaada yaliandika kanuni yao mwaka 1994 kwamba msaada usitumiwe kuendeleza dini wala siasa ya mtoaji. Wengine kati yetu waliisoma kanuni hiyo kama kitu kilichotungwa dhidi ya watu wa dini. Mimi nasema aliyeisoma Sura Ad-Dahr alikwisha kuipokea karne kumi na nne zilizopita.

Wenye kuchunguza dini watauliza: Basi, je, mhubiri anyamaze? Asinyamaze. Watu wazima wako, wenye akili zao na Vitabu vyao, watuhoji nasi tuwahoji, waende zao au wakae. Mtoto wa Kiislamu aliyeko kambini ana haki ya kusomeshwa dini yake, na wazazi wake ndio watakaoamua wapi na kwa nani. Mtoto wa Kikristo vivyo hivyo. Lakini banda la watoto ni amana ya wote. Najashi alikuwa Mkristo naye aliwapa Waislamu hifadhi kwa miaka mingi. Hatusomi popote kwamba aliwataka wabadili imani ili wakae. Deni hilo la Uhabeshi lingali juu ya shingo zetu.

Iko habari nyingine ya Madina ambayo seremala wangu angeipenda. Mtume Mtukufu s.a.w. alipohamia huko, naye akiwa mwenyewe amefukuzwa kwao, mahali alipotaka kujenga msikiti palikuwa uwanja wa kukaushia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Watoto wale walitaka kuutoa bure. Yeye hakukubali mpaka waliponunuliwa kwa thamani yake. Jengo la kwanza la wakimbizi wa Madina lilisimama juu ya ardhi iliyolipiwa kwa mayatima, hali wangeweza kuichukua kwa baraka ya wote. Mjenzi wa kambi anayekata nusu ya uwanja wa watoto ili apate ghala, akisema ni kwa muda tu, naye alijue hilo. Kurani Tukufu (4:11) imewafananisha wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma na watu wanaomeza moto, wala haikubagua mali kubwa na ndogo.

Yeye aliyetufundisha haya aliyajua kwa mwili wake. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake alifariki huko Abwa, njiani, mtoto akiwa na miaka sita, akarudi Makka bila mama. Babu yake aliyempokea akafariki alipokuwa na miaka minane, akapokewa na ami yake Abu Talib. Mwenyezi Mungu anamkumbusha hayo katika Sura Adh-Dhuha (93:7), kwamba alimkuta yatima akampa makimbilio. Na aya chache baadaye ndipo anapokatazwa kumwonea yatima.

Nilirudi kambini mwaka uliofuata. Safari hii biskuti nilimpa yule mama mlezi, azigawe mwenyewe kwa saa anayoijua yeye, nami nikaketi kwenye mkeka. Mvulana yule alikuja, akanitazama kwa muda mrefu, akingoja niseme anachotakiwa kufanya. Sikusema neno. Hatimaye aliketi, akaanza kuchora. Nilikwenda baadaye kumwamkia nyanya yake, nikamwomba radhi. Alinikaribisha maji. Hatukuzungumza dini, ila aliniuliza kama nina wajukuu.

Ja'far r.a., baba wa yule Abdullah aliyezaliwa Uhabeshi, aliuawa katika vita vya Muta mwaka 629, mwaka mmoja tu baada ya kurejea kutoka ukimbizini. Mtume Mtukufu s.a.w. alikwenda nyumbani kwake. Mkewe Asma r.a. alikuwa amekwisha kukanda unga, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta, akimngoja mume. Mtume s.a.w. akawaita watoto wale, akawakumbatia, na macho yake yakatoka machozi, mama akafahamu. Kisha akaagiza watu wawapikie chakula jamaa wa Ja'far, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Baada ya siku tatu alirudi, akamwita kinyozi awanyoe watoto, akamsifia Abdullah kwamba amefanana naye kwa sura na tabia. Mama alipoueleza unyonge wa watoto wake, alimwambia asiwahofie ufukara, kwa maana yeye ndiye mlinzi wao duniani na akhera.

Na Umm Khalid aliishi miaka mingi. Alipokuwa mkubwa aliwasimulia watu habari ya nguo ile nyeusi na lile neno la Kihabeshi.